Jina la Baba Orodhani

Foleni ya maji ilikuwa imeuzunguka uwanja wa shule pale kijana mwenye penseli sikioni aliposimama mbele ya fundi cherehani. Alikuwa msanifu majengo wa shirika lililochora nyumba za waliohamishwa na mafuriko.

"Dada, ungependa nyumba ya namna gani?"

"Yenye ukuta. Miezi minane nalala darasani nyuma ya pazia. Jirani akikohoa, mimi ndiye naamka."

Kijana akacheka. Kesho yake alirudi na karatasi, keshokutwa bila karatasi. Akambandika jina la Sindano, naye akaitwa Penseli.

Simu zikaanza. Sindano alinong'ona chini ya shuka, baba yake aliyepooza miguu akiwa hatua mbili tu kando.

"Paza sauti kidogo, mpenzi."

"Nikipaza, darasa zima litajua tunapendana."

Orodha ya nyumba za kwanza ilipobandikwa, Sindano alivaa gauni la bluu aliloshona mwenyewe, akaenda kuisoma. Akaisoma mara tatu. Jina la baba yake halikuwemo. Wiki nzima hakupokea simu, mpaka Penseli akamfuata kwenye cherehani.

"Umelikata jina la baba kimyakimya, halafu waniita mpenzi?"

"Sikulikata mimi."

"Nani basi?"

Penseli akatazama pazia. "Aliniomba nisikwambie."

Mguu wa Sindano ukaacha kukanyaga cherehani.

"Ni mimi, mama," baba alisema kutoka nyuma ya pazia. "Niliwaambia walitoe. Tukipata nyumba utaona nimetulia, utaolewa uende zako. Nani atanigeuza kitandani?"

Sindano aligeukia pazia. Alikuwa ameyalaani mafuriko miezi yote ile, kumbe aliyemfungia humo ni huyo huyo ambaye yeye humpikia uji kila asubuhi.

"Orodha nyingine lini?" alimuuliza Penseli.

"Mwakani, baada ya mvua."

Mwaka mwingine. Kifua kilimbana kama gauni lililoshonwa kwa vipimo vya mtu mwingine.

"Nataka kukuoa," Penseli alisema taratibu.

"Siwezi kumwacha."

"Sijasema umwache. Nifundishe kumgeuza."

Sindano akatafuta utani usoni mwake, asiuone. Akaingia naye ndani, akamwonyesha pa kushika. Baba alifumba macho, akakubali kushikwa.

Walifunga ndoa mwezi uliofuata. Mvua zilipoanza, walikuwa bado mle darasani, sasa watatu.