Nta Ndani ya Jiwe la Gahanga

Stendi ya Nyabugogo mchana, watu hawatazamani usoni, wanatazama mizigo yao. Kwa hiyo mkoba wa Uwera ulipokatika kamba na mawe yakabiringika kati ya miguu ya abiria, wengi waliyaruka tu na kusonya. Aliyeinama alikuwa mmoja: Ilyasi, fundi cherehani wa Biryogo, shati jeupe limenyooshwa vizuri, bunda la vitenge begani.

"Dada, mawe yote haya ya nini? Kigali yamekwisha?"

"Ni ya Gahanga. Na usiyachanganye, tafadhali!"

"Yewe! Mawe nayo iko na ukoo?"

Uwera alicheka ingawa alikuwa amekasirika. Alikuwa mrefu, suruali yake ya jinzi imejaa vumbi jekundu, na masikioni hereni ndogo za dhahabu. Ilyasi aliyafunga mawe kwa kipande cha kitenge, kisha akaomba namba ya simu, eti asije akapoteza kitenge chake. Kitenge hakikurudi na hakukuwa na aliyekidai.

Kazi ya Uwera ilikuwa kupiga mawe eksirei. Mashine ililizungusha jiwe dogo kama kidole gumba na kuonyesha ndani yake bila kulipasua: mwamba mweupe, vitundu vyeusi. Kama vitundu vya mwamba wa Gahanga vimeungana, maji yanapita, na wakazi watachimbiwa kisima. Kama havijaungana, mradi unafungwa na Uwera anatafuta kazi nyingine.

"Kwa hiyo unachungulia matumbo ya mawe," Ilyasi alimwambia kwenye simu.

"Ndiyo, sheri. Na lako nitalichungulia siku moja."

"Langu utakuta pilau tu, mukunzi."

Mapenzi yao yalikuwa hivyo, ya kuitana sheri na mukunzi, ya utani mwingi na vifurushi vya simu kuisha haraka. Ilyasi alilishonea kila jiwe mfuko wake, akilipima kama anayempima bibi harusi. Uwera naye alizoea kuliweka jiwe kwenye mashine na mfuko wake, maana eksirei haijali kitambaa. Ndivyo alivyofanya hata kwa kipande kilichotoka chini kabisa Gahanga, cha pekee kilichotoka kizima.

Picha zilipotokea, vitundu vingi havikuwa vyeusi. Vilikuwa vya kijivu, vimejaa kitu. Uwera aliufumua mfuko, akakuta jiwe linang'aa. Akapiga simu.

"Ilyasi, jiwe umelifanya nini?"

"Umeliona? Limependeza, eh?" Sauti yake ilijaa furaha. "Nililipasha kwenye pasi, nikalipaka nta ile ya uzi wa mikoba, nikasugua, nikasugua. Nilitaka..."

"Nta? Mungu wangu! Umeniharibia kazi!"

"Mukunzi, sikujua..."

"Ungejua nini wewe? Unachojua ni cherehani! Usinipigie tena."

Ilyasi alimtii. Hakupiga tena, na hilo Uwera hakulitegemea. Alijiambia ana haki, na kwa upande wa jiwe alikuwa nayo. Lakini kila simu ilipolia aliikimbilia, kisha akaiweka mezani kwa hasira.

Ikabidi amweleze mkuu wake, Karangwa, jinsi jiwe lilivyoharibika. Uwera alifungua picha moja baada ya nyingine, akiifuata ile rangi ya kijivu. Ilitoka pembeni, ikapita kitundu hadi kitundu, ikafika katikati ya jiwe. Nta isingefika huko kama vitundu havijaungana.

"Basi maji nayo yatapita," Karangwa alisema. "Andika hivyo, na nta uiandike pia."

Uwera alimpigia Ilyasi. Simu iliita tu, haikupokelewa. Akavaa gauni la kijani alilomshonea Ilyasi, akashuka Biryogo kwa miguu. Ilyasi alikuwa nyuma ya cherehani, na hakuinua macho.

"Fundi cherehani hajui kitu, dada. Nenda kwingine."

"Nimekosa, Ilyasi. Nilikutukana, na hukustahili. Nimeumia, na nimekukosa sana." Alimwonyesha picha kwenye simu. "Tazama nta yako ilivyotembea. Gahanga watapata kisima."

Ilyasi aliifuata ile rangi ya kijivu kwa kidole.

"Kwa hiyo sikuharibu?"

"Uliharibu! Ila tumepona." Uwera akavuta kigoda. "Siku ile ulisema ulitaka. Ulitaka nini?"

Ilyasi alifungua droo ya cherehani, akatoa mfuko wa kitenge cha jora moja na kile cha Nyabugogo, mdogo, hakuna jiwe ambalo lingeenea.

"Nilitaka jiwe ling'ae siku ya kukupa hii. Sisi tulikutana kwa mawe." Akamkabidhi mfuko. "Lakini kabla sijauliza: siku nyingine ukikasirika, utanisikiliza mpaka nimalize?"

"Nitakusikiliza."

"Haya. Utaolewa na mimi?"

Uwera aliufungua mfuko, akaitoa pete na kuigeuza kwenye mwanga wa mlangoni. Machozi yalikuwa yanamtoka na hakuyafuta.

"Naam. Ila na hii umeipaka nta?"

"Kidogo tu," Ilyasi alisema.