Wenye Wivu Wawili, Kayaki Moja

"Mume wangu, nyanyua mguu. Watu wanasubiri nyuma yetu."

Fundi hakunyanyua. Mguu mmoja ulikuwa gatini, mwingine kwenye ubao wa kupandia boti, na macho yake yalikuwa yameganda kwa mwanamume aliyesimama mbele ya chumba cha usukani akikaribisha abiria. Kofia nyeupe. Kidevu chenye kishimo. Nyusi zilizokutana juu ya pua.

Sura ile aliijua. Aliikuta kwenye picha ndani ya droo ya mkewe, siku za mwanzo za ndoa yao. Ilikuwa sura ya marehemu mume wake wa kwanza.

"Yule ni nani?"

"Shemeji yangu. Ndugu yake marehemu."

"Uliniambia ana ndugu. Hukuniambia ni pacha!"

"Ningekuambia, ungekuja?"

"Nisingekuja!"

"Basi nyanyua mguu."

Wote walimwita Fundi kwa sababu alitengeneza mafriji. Kazi yake kupoza vya watu, lakini chake kifuani hakijawahi kupoa. Mkewe, Mwalimu, alifiwa na mume wa kwanza angali kijana. Ajali ya barabarani, asubuhi anatoka, jioni analetwa. Fundi alimkuta shuleni siku aliyoitwa kutengeneza friji la jikoni, akarudi wiki iliyofuata kuliangalia tena, friji likiwa zima kabisa. Wakaoana. Alimpenda mke wake kupita kiasi, lakini ndani ya nyumba ile aliishi na mpangaji asiyemwona. Mtu hai unaweza kugombana naye. Marehemu utamgombeza vipi? Hakosei, hazeeki, hakoromi.

Na leo mpangaji amevaa kofia ya nahodha.

"Shemeji!" Nahodha alishuka, akamshika Mwalimu mkono kwa mikono yake miwili.

Mwalimu alimtazama usoni. Akatoa leso, akajifuta macho haraka. Haraka yake haikutosha, mumewe alishaona.

"Karibu, kaka," Nahodha akamgeukia Fundi. "Habari zako nimezisikia sana."

"Mimi zako sijasikia hata moja."

Boti iliondoka. Abiria walitandaa sitahani, kila mtu na simu yake juu, wanapiga picha majabali meupe yaliyochimbika mapango kama meno mabovu. Boti ilipotia nanga, vijana wa kazi walianza kugawa majaketi ya uokoaji kwa ajili ya kayaki, mitumbwi miembamba ya plastiki ya kupiga kasia. Mwalimu alimkabidhi mumewe simu yake.

"Nishikie, nivae hiki kitu."

Simu ikatikisika mkononi mwa Fundi. Hakukusudia kusoma. Lakini macho hayana pazia.

"Shemeji, asante kwa kuja. Lile jambo tulizungumze pangoni, sisi wawili tu. Huku kwenye boti kuna masikio."

Fundi aliusoma mara ya pili. Akaangalia juu. Nahodha alikuwa anaingiza simu mfukoni.

"Na wewe vaa," Mwalimu alisema. "Twende tukapige kasia."

"Nenda wewe. Mimi kichwa kinaniuma."

"Kimeanza saa ngapi?"

"Kimeanza gatini."

Mwalimu alimtazama. Alichukua simu yake, akasoma, akashuka ngazi za nyuma kwenda kwenye kayaki.

Fundi akashuka ngazi nyingine. Hakujua anakwenda wapi, alifuata harufu ya vitunguu. Akajikuta kwenye jiko la boti, chumba chembamba kama korido. Mwanamke mwenye kilemba chekundu alikuwa anageuza samaki kwenye kikaango kipana, jasho linamtiririka.

"Abiria hawaingii huku."

"Nataka maji."

"Maji yapo juu."

"Basi nataka kukaa mahali ambapo simwoni huyo nahodha wenu."

Mwiko ulisimama hewani.

"Nahodha amekufanyia nini?"

"Wewe ni nani kwake?"

"Mchumba wake. Harusi mwezi ujao. Na wewe?"

"Mume wa yule anayemwita shemeji."

"Ahaa. Shemeji." Mpishi alilitema neno lile kama kokwa. "Kwa hiyo wewe ndiye."

"Ndiye nani?"

"Ndiye niliyekuwa nakuombea kwa Mungu umuoe upesi. Nikadhani akishaolewa mtu wangu atatulia. Wapi! Shemeji anaumwa, shemeji amepona, shemeji anapenda kipande cha mkia. Mwaka mzima nakaanga samaki, sijawahi kuambiwa mimi napenda kipande gani."

Fundi akamsimulia ule ujumbe, neno kwa neno. Mpishi alisikiliza bila kupepesa. Alipomaliza, mwanamke yule alizima gesi.

"Abiria wengine wanapelekwa pango kubwa na mwongozaji," alisema akijifuta mikono. "Nahodha atampeleka mkeo pango dogo. Namjua. Unajua kupiga kasia?"

"Najua kutengeneza friji."

"Utakaa nyuma."

"Na chakula?"

"Kitanisubiri. Wewe na mimi tumesubiri vya kutosha."

Mpishi alipita kwa vijana wa kayaki akiwaambia mgeni huyu amelemewa na kichefuchefu, anahitaji hewa. Hakuna aliyembishia, mpishi habishiwi na mtu mwenye njaa. Wakapanda kayaki ya watu wawili, yeye mbele, Fundi nyuma. Kayaki ikaanza kuzunguka palepale kama jiwe la kusagia.

"Kushoto!" Mpishi alinong'ona.

"Napiga kushoto!"

"Hiyo ni kulia!"

"Kulia kwako au kulia kwangu?"

"Wote tunatazama mbele, baba! Kulia ni kumoja!"

Fundi alichovya kasia, likarusha maji yakamwingia Mpishi shingoni. Mpishi aliguna tu. Taratibu wakaanza kuelewana; yeye akihesabu chinichini, Fundi akifuata. Majabali yakasogea. Mlango wa pango dogo ulikuwa mfupi, iliwabidi walale chali, jiwe likipita karibu na pua zao, baridi na lenye kunuka chumvi.

Ndani maji yalikuwa na rangi ya bluu iliyotoka chini, kana kwamba kuna taa imezamishwa. Sauti zikawafikia kabla hawajaona mtu. Pango lilizichukua, likazileta masikioni kama zimesemwa hapohapo. Mpishi alishika jiwe, kayaki ikasimama nyuma ya nguzo ya mwamba.

"... kila nikinyoa ndevu, namwona," Nahodha alikuwa anasema. "Mama yangu hadi leo akinitazama ghafla anashtuka. Sura hii si yangu peke yangu, shemeji. Wewe unalijua hilo."

"Nalijua."

"Basi acha niulize mara moja, nisiulize tena mpaka nakufa. Kama ningekuja mimi kabla ya Fundi, ungenikubali?"

Tone la maji lilidondoka mahali fulani. Fundi aliuma mdomo hadi akaonja damu. Kwa kupepesa jicho aliuona mwisho wa ndoa yake, akaona nusu ya kabati ikiwa tupu, akajiona anakunywa chai peke yake. Mbele yake, mgongo wa Mpishi ulikuwa mgumu kama ubao.

"Hapana," Mwalimu alisema.

"Hukufikiria hata kidogo."

"Nilifikiria zamani, ndiyo maana jibu liko karibu. Ungekuja ningekukataa. Kila siku ningekuwa nakutazama wewe, namtafuta yeye. Hiyo si ndoa, shemeji. Huo ni msiba wenye chakula cha jioni."

"Na huyo Fundi?"

"Fundi hafanani na mtu yeyote. Nikimtazama namwona Fundi, basi. Ana wivu kama mbwa mwenye mfupa, anakoroma, anaficha soksi chini ya kitanda. Lakini nikisikia funguo zake mlangoni, nyumba inakuwa nyumba."

Fundi alifumba macho. Alitamani kucheka, kulia, kuruka majini na jaketi lake. Akafungua macho, akaona mabega ya Mpishi yanatikisika bila sauti.

Alisahau kushika kasia. Likagonga mwamba, ko!

"Nani hapo?" Nahodha alipaza sauti.

"Mpishi wako," mwanamke alijibu, akalisukuma lile jiwe, kayaki ikatoka kwenye nuru ya bluu. "Umemaliza? Au bado una swali?"

Wanne wale wakatazamana. Mwalimu alimwona mumewe nyuma ya Mpishi, akaachama mdomo.

"Mpenzi, nisikilize," Nahodha alisema. "Nilitaka kulimaliza jambo hili kabla ya harusi. Nilitaka nije kwako mikono mitupu."

"Umekuja mikono mitupu kwa sababu umenyimwa."

Nahodha aliinamia kasia lake.

"Angesema ndiyo, mimi ningeambiwa nini? Nipike ya harusi yenu?"

"Sijui," alisema Nahodha, na kwa mara ya kwanza siku ile sauti yake ilikuwa ya mtu mmoja tu. "Kweli sijui."

"Baba, geuza!" Mpishi alimwambia Fundi. "Watu wana njaa."

Chakula kilitolewa kwa wakati, kana kwamba hakuna kilichotokea. Samaki, viazi, kachumbari, matunda yaliyokatwa. Abiria walikula wakisifia. Mpishi aliwapakulia kwa mkono mkunjufu, kwani abiria hawakuwa na kosa. Nahodha alikuja wa mwisho, kofia mkononi.

"Nina haki ya sahani?"

"Sahani unayo. Una haki gani nyingine, bado natafakari."

"Nifanye nini?"

"Ulimuuliza yeye mara moja. Na mimi niulize."

"Nikuulize nini?"

"Kama bado nakutaka."

Abiria waliokaa karibu walijifanya wanatafuta miiba kwenye samaki.

"Bado unanitaka?"

"Sijui. Umeonaje, linavyouma hilo neno? Chukua samaki wako urudi usukanini."

Fundi na mkewe walikaa nyuma kabisa ya boti, sahani mapajani, hakuna aliyekula.

"Umesoma ujumbe wangu," Mwalimu alisema.

"Ulikuja wenyewe mkononi."

"Ukanifuata kama mwizi."

"Nilikufuata kama mume."

"Mume angeuliza."

Fundi alikubali kwa kichwa.

"Kwa nini ulinileta bila kuniambia? Ulijua atakuuliza nini."

"Nilihisi. Simu zake zilikuwa zinazunguka mbuyu, hasemi, haachi. Ningemjibu kwenye simu angedhani najibu kwa aibu. Nilitaka kwanza akuone ubavuni kwangu, macho yake yamjibu kabla yangu. Nilipaswa kukuambia. Niliogopa utakataa kuja, nibaki na jambo hili peke yangu. Hapo nilikosea, nisamehe."

"Na yale machozi gatini?"

"Yale ni ya marehemu." Alimtazama usoni bila kukwepa. "Nilimpenda, Fundi. Akinijia, nitalia. Hayo sitakuomba ruhusa."

Fundi aliyatazama maji yaliyokatwa na boti. Neno lile lilimchoma, asiseme uongo. Lakini lilikuwa kidonda kisafi, si kama kile alichokuwa anakikuna gizani siku zote.

"Lia," alisema mwishowe. "Ila usijifute haraka vile. Ukijifuta haraka mimi nadhani unaficha."

Mwalimu alicheka na kulia kwa pamoja. Safari hii leso haikutoka.

Jioni, gatini, Mpishi alishuka na kapu lake, kila kisu chake kikiwa ndani, kimefungwa kwenye taulo.

"Harusi?" Fundi alimuuliza kwa sauti ya chini.

"Mwezi ujao haipo. Mwezi mwingine, tutaona kama amejua ninapenda kipande gani."

Akatembea. Nahodha aliacha boti mikononi mwa vijana, akamfuata mbio, akalipokea kapu. Mpishi aliliachia. Hakumwambia arudi, wala hakumwambia aje. Alitangulia tu, na mwanamume yule akawa nyuma yake, kofia imeanguka njiani, hakurudi kuiokota.

Fundi na Mwalimu walipata kiti cha nyuma kwenye basi la kurudi nyumbani. Mwalimu alimlalia begani. Fundi akafumba macho, akiwa na amani ambayo hakumbuki aliwahi kuwa nayo.

"Mume wangu."

"Naam."

"Wewe na yule Mpishi."

"Tumefanya nini?"

"Hicho ndicho ninachouliza. Wawili, kayaki moja, pangoni, mmelala chali."

Fundi alifumbua jicho moja. "Mlango wa pango ulikuwa mfupi!"

"Na mbona alikuwa anakuita baba?"

"Alikuwa ananigombeza!"

"Hata mimi nilianza kwa kukugombeza, siku ile ya friji."

Fundi aligeuka akamtazama vizuri. Uso wa mkewe ulikuwa umekunjamana kweli, hauna mzaha hata chembe. Akacheka, akacheka mpaka kondakta akageuka.

"Ni wivu huo, Mwalimu?"

"Ni wivu," alisema, akamshika mkono kwa nguvu. "Ulidhani uligawiwa peke yako?"