Kuku Waliofungwa Nyuma ya Dispensari

Ninyi vijana mtakaosoma haya, hasa ninyi wasichana mnaotamani kuvaa gauni jeupe na kuitwa Sista, kaeni chini mnisikilize. Mimi ni mwanamke mzee wa Kondele, hapa Kisumu. Umri wangu umepita sabini, lakini hiyo ni kukisia tu, maana siku niliyozaliwa hakuna aliyeshika kalamu. Kusoma nilijifunza kanisani, kidogo, cha kunitosha Biblia na majina ya mabasi. Basi msitafute maneno matamu hapa.

Nilizaa wengi, Mungu akaniachia wasichana wawili. Mkubwa ni Awino, mdogo ni Atieno. Baba yao alipokufa niliwalea kwa kuuza samaki wa kukaushwa. Mikono yangu ilinuka moshi hata Jumapili. Awino alikuwa na kichwa chepesi darasani, nikauza ng'ombe wangu wa mwisho akasomea uuguzi. Siku aliyokuja nyumbani na kofia nyeupe kichwani nililia mbele ya majirani.

Lo! Laiti ningejua ile kofia itatupeleka wapi...

Awino alipewa kazi katika dispensari ndogo karibu na ziwa, ukishapita Katito kuelekea Kendu Bay. Kulikuwa na chumba kimoja cha kutibia, baraza, na nyuma yake nyumba yake ya kulala. Mumewe alikwenda Kampala kutafuta kazi, akanyamaza huko mpaka leo. Watoto walibaki mikononi mwa Awino, na mshahara wake ndio uliowalisha. Samaki walipokuwa haba, ulinilisha na mimi.

Siku zile mgonjwa alitia sarafu katika sanduku la mbao mlangoni. Kutoka sanduku hilo kamati ya dispensari ilimnunulia Awino posho ya unga na mafuta ya taa, juu ya mshahara wake. Kutoka sanduku hilo hilo alilipwa Odongo, mwanamume wa kutoka mbali aliyekaa mlangoni kupanga laini ya wagonjwa. Likumbukeni hilo sanduku.

Baada ya uhuru serikali ikasema matibabu ni bure. Bure! Chifu aliita mkutano wa baraza, nami siku hiyo nilikuwa kwa Awino, nikaenda. Wanawake walipiga vigelegele mpaka ng'ombe wakashtuka. Mimi pia nilipiga. Msinielewe vibaya, jambo lile lilikuwa jema. Nimeona kwa macho yangu akina mama wakirudi nyumbani na mtoto mgonjwa mgongoni kwa kukosa sarafu.

Lakini nikasimama nikauliza, "Chifu, na posho ya Sista sasa itatoka wapi?"

Watu wakanipigia kelele.

"Mama wa Kondele, keti! Umekuja kutuharibia sherehe?"

"Anataka sanduku libaki huyu!"

Wakacheka. Chifu naye akacheka. Nikaketi. Kesho yake sanduku likang'olewa, yakabaki matundu ya misumari ukutani.

Basi wagonjwa wakaja! Walishuka kutoka milima ya Nyakach, wengine wakaja kwa mitumbwi. Kabla jua halijapanda baraza ya dispensari ilikuwa imejaa, na nyasi, na njia ya kuja. Awino alikuwa na mikono ile ile miwili. Mshahara ulikuwa ule ule. Posho ikakoma, mafuta ya taa yakakoma. Gauni la kazi alilifua kwa sabuni yake mwenyewe.

Siku moja alikuja ofisa mmoja na gari. Awino akamweleza yote, akiwa amesimama wima kama askari. Ofisa akamwambia, "Sista, nchi bado changa. Vumilia. Mshahara wenu utaangaliwa."

Utaangaliwa! Kweli waliuangalia, wakauacha pale pale.

Sasa nyinyi wa siku hizi huenda hamjui desturi yetu. Kwetu mtu hakupokea dawa mkono mtupu. Hata mganga wa mizizi ulimpa kitu, japo yai, kwa sababu dawa uliyopewa hivi hivi iliaminika kwamba itakudharau, haitafanya kazi mwilini. Kwa hiyo serikali iliposema bure, wazee waliogopa. Mzee mmoja mwenye kikohozi alimletea Awino kuku. Awino akakataa. Mzee akakasirika kabisa.

"Unataka nife, binti yangu? Chukua kuku, dawa ishike!"

Awino akachukua. Usiku ule wanawe walikula nyama. Niambieni, nyinyi mngefanya nini? Mama anatazama watoto wake wakilamba vidole... angemkimbilia yule mzee amrudishie?

Ndivyo ilivyoanza. Kwa shukrani na kwa hofu ya dawa. Hakuna aliyeiba.

Nilipomtembelea tena, nilisikia majogoo wakiwika nyuma ya dispensari, mchana jua likiwa utosini. Nikazunguka nyuma. Mama yangu! Kuku walikuwa wamefungwa kwa kamba za katani kwenye ua, mmoja baada ya mwingine, weupe, weusi, madoadoa, wengine wamelala midomo wazi kwa kiu. Odongo alinipokea akitabasamu.

"Karibu, Mama Sista! Leo utakula paja!"

Mahali pa wagonjwa, na panawika kama sokoni!

Awino alipokuja jikoni, macho yamemwingia ndani kwa uchovu, nikamuuliza, "Hawa kuku ni asante au ni ada?"

"Mama, nimechoka," akasema. "Kazi imeongezeka mpaka nalala nimesimama. Mshahara uko pale pale. Unataka wanangu watafune hotuba ya chifu?"

"Na asiye na kuku?"

"Wote nawatibu, Mama. Wote. Odongo anapanga laini tu."

"Anaipanga kwa ugonjwa au kwa manyoya?"

Akainama akachochea moto.

Nikamwambia amwondoe Odongo. Akaniuliza, "Nikimwondoa, nani atazuia watu wasinivamie wote kwa mpigo? Naye halipwi, Mama. Anakula kuku hao hao." Nilinyanyuka nikalala njaa. Tangu siku ile sikutia kinywani nyama ya nyumba ile.

Sasa niwaambie habari ya Atieno, mdogo.

Atieno aliolewa mbali, Port Victoria, kwa mvuvi. Alikaa miaka bila mtoto. Mama mkwe alikuwa akipita mbele yake akiimba nyimbo za kubembeleza mtoto, makusudi, ili aumie. Mwishowe Mungu akakumbuka. Akazaa mvulana wakati wa mvua, ndiyo maana wakamwita Okoth. Mtoto mzuri, mnene, mwenye mikunjo mapajani! Alipoanza kuketi mwenyewe, Atieno akamleta Kondele nimwone, kisha ampeleke kwa dada yake, ambaye alikuwa hajamwona bado. Miaka yote aliyokuwa mgumba hakutoka Port Victoria kwa aibu. Pale dispensari hakuna aliyemjua.

Asubuhi ya kuondoka mtoto alikuwa na joto. Si kali. Nikasema, "Vizuri, unakwenda kwa dada yako Sista, atamtazama."

Nilikuwa na kuku wangu wa mayai akichakura mlangoni. Atieno akamtazama, akauliza, "Mama, nimpelekee Awino huyu? Nasikia huko watu wanaenda na kuku."

Nikamkaripia! Nikamwambia, "Mtu hampelekei dada yake kuku ili amtibie mtoto. Serikali imesema bure, na damu yenu ni moja. Nenda mikono mitupu, na ukifika umwambie ni mimi niliyesema."

Akacheka. Akamfunga Okoth mgongoni, akapanda basi. Aliponipungia mkono, mtoto alikuwa amelaza shavu kwenye mgongo wa mama yake, macho nusu wazi. Nikataka kumwita arudi. Sikumwita. Kwa nini sikumwita?

Yaliyofuata nilisimuliwa na wote wawili, kila mmoja peke yake.

Atieno alishuka Katito akatembea. Njiani joto la mtoto lilipanda, mgongo wa Atieno ukawa kama umeegemea sufuria ya moto. Alipofika alipita kando ya laini, akaenda moja kwa moja mlangoni. Odongo akanyoosha mguu kumzuia.

"Mama, polepole. Kuku yako iko wapi?"

"Sina. Mimi ni dada yake Sista."

Odongo akageukia watu akapaza sauti. "Mmesikia? Huyu naye ni dada yake Sista! Leo kila mtu ni dada yake!"

Laini nzima ikaangua kicheko. Bibi mmoja mwenye jogoo kwapani akasema, "Basi mimi ni mama yake mzazi, nipitishe!" Mwingine akasema yeye ni bwana harusi. Wakacheka mpaka wakakohoa.

"Nenda nyuma, dada yake Sista," Odongo akamwambia. "Nyuma kabisa, kule kwa ndugu zako wengine."

Atieno alikuwa mpole tangu utoto. Alikwenda nyuma. Alijua siku ya kwanza mgeni hapigani mlangoni pa dada yake. Akaketi juani, akamfunika mtoto kwa leso, akasubiri. Wenye kuku walikuwa wakija nyuma yake na kupitishwa mbele yake.

Na Awino? Alikuwa ndani, hatua chache tu, anadunga sindano. Baadaye aliniambia maneno haya, na bado yananichoma. "Mama, nilisikia kile kicheko. Nikadhani wanataniana. Nami nikacheka kidogo, kwa sababu nilikuwa sijacheka siku nyingi."

Kisha degedege ikamshika Okoth. Macho yakageuka juu, mikono ikakakamaa. Atieno akapiga ukelele, akamwita dada yake kwa jina. Humo ndani Awino aliitambua ile sauti. Akaruka nje na sindano mkononi, akamsukuma Odongo, akawapita watu wote waliokuwa wakicheka...

Alimpokea mtoto mikononi. Ndiyo mara ya kwanza kumbeba mtoto wa mdogo wake. Alifanya yote aliyofundishwa. Okoth alikata roho pale pale juu ya meza ya dawa!

Awino akavua kofia yake, akaiweka mezani. Akachukua mkasi wa kukatia bandeji, akaenda nyuma, akakata kamba zote. Kuku wakatawanyika, wengine wakakimbia kwenye mahindi, wengine wakaingia katikati ya wagonjwa. Hakuna mtu aliyeinama kuokota wake. Odongo aliondoka siku hiyo, wala hakurudi.

Tulimzika Okoth Port Victoria, kwa baba yake. Awino alipofika kaburini alifungua mikono amkumbatie mdogo wake. Atieno akarudi nyuma.

"Usinishike," akasema. "Sijaja na kuku."

Hakupaza sauti. Heri angepaza! Maneno yale yalianguka, na mimi, mama yao wote wawili, nikasimama katikati nisijue nimfuate nani.

Wakubwa walikuja kuuliza maswali. Waliuliza juu ya kuku, rangi zao na waliowaleta. Hakuna aliyeuliza juu ya sanduku na yale matundu ya misumari. Hakuna aliyeuliza mwanamke mmoja anawezaje kutibu tarafa nzima kwa mshahara wa zamani. Awino akafukuzwa kazi. Akaletwa muuguzi mwingine, kijana, kwa mshahara ule ule, laini ile ile. Nasikia huko siku hizi hawapeleki kuku tena. Wanapeleka sukari.

Awino anauza samaki pamoja nami Kondele sasa. Mtoto wa jirani akilia kwa homa yeye huingia ndani na kujifungia. Atieno hajakanyaga kwetu tangu mazishi. Nimemtumia salamu kwa wachuuzi wa omena, wale dagaa wa ziwani, wanaotoka Port Victoria. Wanarudi na samaki tu.

Binti wa Awino amekua, naye anataka kusomea kazi ile ile. Sikumkataza. Nilimwambia, na ninyi nawaambia: wagonjwa wakitibiwa bure, furahini, lakini simameni muulize nani anamlipa anayetibu. Ulizeni kwenye baraza, na mkichekwa msiketi kama nilivyoketi mimi. Na wewe utakayevaa ile kofia, ukiona mshahara wako haukutoshi, sema mbele ya watu, gomeni pamoja ikibidi, lakini usiache asante ya mgonjwa iwe chakula chako cha kila siku. Itafika siku mtu atasimama mlangoni asiwe nayo, na wewe hutajua ni nani.

Jana jioni niliwaita wote wa nyumba yangu, Awino na wanawe, na mpangaji wangu pia. Mvua ilikuwa inaanza. Nikawaambia: mtu yeyote akisimama mlangoni hapa akasema ni dada yenu, hata kama hamumjui, hata kama mnadhani anatania, mfungulieni kwanza. Kuuliza ni baadaye.