Bibi Harusi wa Ndani ya Diski

Kaltum wa mtaa wa Nyakabiga hupiga picha kwenye harusi za Waislamu, upande wa wanawake. Huko mwanamume haingii. Wanawake huvua mitandio, hupakwa hina, hucheza wapendavyo. Picha hizo ni amana. Ikivuja hata moja, Kaltum hana kazi tena.

Asubuhi moja alifuta kwa bahati mbaya picha za Najla, bibi harusi wa mtaa wa Kinindo, kwenye diski yake ya kuhifadhia picha. Alikimbia nayo kwa jirani yake Elsa, fundi wa kompyuta.

“Tulia, dada,” Elsa alisema. “Zilizofutwa ziko bado mule.”

Picha zilianza kurudi. Najla na hina. Najla na mama yake. Kisha akatokea bibi harusi mwingine, nywele wazi, anawatazama.

“Ni nani huyu?” Elsa aliuliza.

“Simujui!”

Picha ziliendelea kuja. Katika kila picha watu walipungua chumbani. Mwishoni mwanamke yule alibaki peke yake, macho kwao.

“Audhubillahi! Elsa, diski ina jini!”

“Apana. Uliinunua mupya?”

“Ya mutumba. Lakini nilifuta yote, wallahi!”

“Ulifuta majina tu, picha zikabaki. Huyu ni mutu kama sisi. Alivua mutandio akijua hakuna wa kumuona.”

Kaltum alitoa kitenge begani, akafunika kioo cha kompyuta. Aliona haya kuliko alivyoogopa. Kesho angeweza kuwa Najla anayetazamwa hivyo na wageni.

Elsa aliweka picha za Najla kando. “Sasa diski ijisafishe yote kwa amri yake yenyewe, ile ya kiwandani.”

“Si tuijaze takataka, ifunike ya zamani?”

“We! Diski za namna hii zinachoka kwa kujazwajazwa, zinakuwa nzito kufungua picha. Na tutaacha kasehemu katupu, ipate nafasi ya kufanya kazi. Halafu tunaifunga kwa neno la siri, kwanza, mbele ya kuingiza picha hata moja. Usilisahau. Hata mi sitaweza kuifungua.”

Diski ilipokwisha kujisafisha, Elsa alitafuta tena picha zilizofutwa. Kaltum aliinua kitenge polepole. Hakukuwa na mtu.

“Samahani, dada,” alimnong’onea bibi harusi yule.

Waliifunga diski, wakarudisha picha za Najla. Zilifunguka upesi kama zamani.

Najla alipokuja kuzitazama, aliuliza, “Na diski ikiibwa?”

“Mwizi hataona hata ukucha wenye hina,” Kaltum alijibu.