Picha Isiyo na Kivuli

Picha ya kwanza ilitoka na kivuli kisicho na tumbo.

Mama Flashi aliitazama kwenye kioo cha kamera, akasonya. Jina hilo alipewa na watu wa mtaa kwa utani, kwa vile alikuwa mpiga picha na mtoto hakuwa naye. Mimba mbili zilikwisha kuharibika, na kila alipoitwa hivyo alicheka na wenzake, kisha akaenda kulia chooni. Sasa ya tatu ilikuwa imekua, imetulia, inapiga mateke mchana kutwa. Alitaka ajipige picha mwenyewe akiwa nayo, kama zile alizowapigia wake za watu: gauni jeupe, nyuma peupe, kivuli hata cha dawa hakuna, ibaki sura na mikono na tumbo lake.

Basi mumewe alipokwenda kazini, alilisukuma kabati la chumbani kwa makalio, kidogo kidogo, mpaka likatoka kwenye kona. Akatundika shuka jeupe ukutani. Flashi mbili akazielekeza kwenye shuka, moja kila upande, na ya tatu akaiweka mbele, ndani ya mwavuli mweupe wa kulainisha mwanga. Kamera akaiweka juu ya miguu yake mitatu, akaitega ijipige yenyewe.

Ndiyo ikatoka picha hiyo. Yeye katikati, anatabasamu. Kushoto kwake, juu ya shuka, kivuli kirefu chembamba kimesimama wima. Chake kingekuwa na tumbo.

Wewe na mimi tungetimua mbio. Lakini wapiga picha nao wana wazimu wao: wakiona kivuli hawaulizi ni cha nani, wanauliza kimeletwa na taa ipi. Mama Flashi akaamua taa ya kushoto ni dhaifu. Akaiongeza nguvu, akapiga tena. Kivuli kikawa kimemsogelea, mkono umeinuliwa. Chumba kikaanza kunuka nywele zilizoungua, naye akasema moyoni, hilo ni vumbi kwenye taa.

Mama mkwe wake akaingia na kikombe cha chai. Alikuwa akiishi nao, mtu wa maneno machache. Akachungulia kamera, na chai ikamwagika kwenye kisahani.

"Umelihamisha kabati," akasema kwa sauti ya chini.

"Nitalirudisha, mama."

"Lirudishe sasa, mwanangu. Huyo namfahamu. Tangu tuhamie humu anakaa nyuma ya kabati, na hajamgusa mtu, maana hakuna aliyemfukuza."

Mikono ya Mama Flashi ikakimbilia tumboni bila yeye kuiambia. Mama mkwe akatoka kwenda kumtafuta jirani wa kusaidia kulisukuma kabati, huku akimsihi asiguse taa hata moja. Angemsikiliza, haya yote yasingekuwapo. Lakini hofu yake ilishageuka hasira. Kitanda cha mtoto kingewekwa chumba hiki hiki, kona hii hii, na mwanawe alale na dude hilo? Hapana. Kutoa vivuli ndiyo kazi iliyomlisha miaka yote.

Akafunga mlango, akazipandisha flashi zote mpaka mwisho, akapiga, na kivuli kikashuka kutoka ukutani mpaka sakafuni. Akatandaza shuka la pili sakafuni, akapiga, kikajikunyata chini ya kigoda. Akakitupa kigoda nje, akafunga tena mlango, akafungua mapazia jua la adhuhuri likaingia lote, akasimamisha makaratasi meupe kila pembe, akapiga tena na tena, na sasa flashi zikawa zinalipuka zenyewe bila kuguswa, zikilia kila zinapojaa umeme, na katikati ya kulia huko akasikia kitu kinahema haraka haraka kama mbwa aliyekimbizwa, karibu na miguu yake, karibu na pindo la gauni lake, na yeye haachi, anapiga.

Kisha kimya. Picha ya mwisho ikatoka nyeupe pee, safi, hakuna hata doa. Hajawahi kupiga picha nzuri namna ile.

Mama mkwe alirudi peke yake, jirani hayupo. Akaitazama picha, akautazama mlango.

"Amekimbilia wapi?"

"Sijui, mama. Nimeweka mwanga kila mahali. Sikumwachia pa kukaa."

Mama mkwe alikuwa anamtazama tumboni. Hapo ndipo Mama Flashi alipotambua kwamba mtoto, aliyekuwa akirusha mateke tangu asubuhi, ametulia tuli.

Wakazima taa, wakafunga mapazia, wakang'oa mashuka, wakalisukuma kabati likarudi kwenye kona. Mama mkwe akainama kwenye kona, akaomba radhi kwa maneno ya upole, kama mtu anayembembeleza mgeni aliyekasirika: rudi kwako, giza lako hili hapa, hatutakusumbua tena. Mama Flashi alilala chali kitandani, anasali. Akahisi tumbo limekaza, kisha kitu cha baridi kikateleza kikamtoka bila maji wala damu, kikapita sakafuni. Nyuma ya kabati kukasikika mkwaruzo mdogo.

"Ametoka," mama mkwe akanong'ona, machozi yanamtiririka. "Mwanangu, ametoka."

Na tumboni mtoto akapiga teke. Mama Flashi akalia kwa furaha. Lakini hakuamini mpaka aone, akaichukua kamera, akaipenyeza nyuma ya kabati, akapiga picha moja kwa flashi moja.

Kivuli kilikuwapo ukutani. Akakikuza kwenye kioo. Kilikuwa kidogo, cha kuenea kiganjani, kichwa kikubwa, magoti yamekunjwa kifuani, kidole mdomoni. Umbo hilo alilijua. Mwezi uliopita alionyeshwa kliniki, kwenye kioo cha mashine ya daktari, akaambiwa ampungie mkono mwanawe.

Tumboni teke likaja tena, kwa nguvu, teke la miguu mirefu.