Mbwa Aliyekatazwa Kunguruma

Fundi seremala alikuwa na karakana yake uani, nyuma ya nyumba. Ilikuwa na paa la bati, benchi moja refu, na maranda sakafuni siku zote. Asubuhi aliyafagia. Mchana yalikuwa yamerudi palepale.

"Baba Kitinda," mkewe alikuwa akimtania, "siku maranda yatakapokwisha hapa, ndiyo siku tutakayolala njaa."

Basi hakuna aliyeyalalamikia.

Watoto wao wakubwa walikwisha kuondoka, kila mmoja na maisha yake. Nyumbani alibaki binti wa mwisho. Walimwita Kitinda kwa sababu alikuwa kitindamimba. Alizaliwa wazazi walipodhani kuwa yamekwisha, hakuna mtoto tena. Kwa hiyo fundi alimpenda binti huyo kama mboni ya jicho lake.

Na alikuwapo mbwa. Jina lake Msumari. Tangu akiwa mdogo, ukimwambia akae mahali, alikaa kama aliyepigiliwa. Mchana alilala chini ya benchi. Usiku alilinda mbao. Kitinda akirudi shuleni, alimkimbilia Msumari kabla hajavua hata viatu.

Sasa sikiliza kosa lilivyoanza. Lilianza kwa nia njema, kama makosa mengi yanavyoanza.

Siku moja mteja alikuja kuagiza kabati. Akamkanyaga Msumari mguu bila kumwona. Msumari akanguruma. Hakuuma, hakuinuka, alinguruma tu. Lakini fundi aliona aibu mbele ya mteja. Akachukua ufito wa mbao akamchapa.

"Nyamaza! Mbwa gani wewe, unawangurumia wateja?"

Tangu siku hiyo ufito ukatundikwa ukutani, karibu na mlango. Msumari akimngurumia mgeni, ufito. Akinguruma anapokula, ufito. Na akimngurumia Kitinda, hapo fundi hakuwa na mchezo. Alimchapa mpaka mkono ukachoka.

"Samaki mkunje angali mbichi," alisema.

Msumari alikunjika kweli. Haukupita muda mrefu, akaacha kunguruma kabisa. Wageni waliingia na kutoka, yeye kimya. Kitinda alimvuta masikio, yeye kimya. Watu wakamsifu fundi.

"Aisee, fundi! Mbwa wako ana adabu kuliko wanangu!"

Fundi alicheka kwa fahari. "Mbao nainyoosha kwa randa. Mbwa namnyoosha kwa ufito."

Maskini fundi. Hakujua alichokinyoosha.

Baada ya miezi michache, Msumari alianza kutikisa kichwa mara kwa mara. Alijikuna sikio. Fundi akasema ni viroboto, vitaondoka. Kitinda akimkumbatia, Msumari aligeuza uso upande. Mara nyingine alipiga miayo. Mara nyingine alilamba midomo.

"Tazameni huyu mvivu," mama alisema akicheka. "Miayo mchana kweupe!"

"Analamba midomo kwa sababu ameota nyama," fundi naye akasema.

Wote walicheka. Mbwa alikuwa anawaambia neno, na hakuna aliyelielewa.

Ikaja siku ya msiba. Kitinda alirudi shuleni, akatupa mfuko wake, akapiga magoti kwenye maranda. Akamkumbatia Msumari shingoni. Akalaza shavu lake juu ya kichwa cha mbwa. Msumari alikakamaa mwili mzima. Hakubweka. Hakunguruma. Aliuma.

Fundi alikuwa akipiga randa. Aligeuka aliposikia kilio. Damu ilikuwa ikidondoka kutoka mkono wa binti yake, juu ya maranda meupe. Msumari alikuwa amejikunyata pembeni, mkia katikati ya miguu. Fundi akashika nyundo.

"Leo ndiyo mwisho wako!"

"Baba Kitinda!" mkewe alipiga kelele. "Mtoto kwanza! Mbwa haendi popote!"

Mama alimbeba mtoto hadi kwenye bomba. Akafungua maji. Akachukua kipande cha sabuni ya kufulia, akauosha mkono ule kwa maji yanayotiririka. Aliosha na kuosha, robo saa nzima, huku mtoto akilia na mama naye akilia. Fundi alikuja mbio na chupa ya mafuta ya taa.

"Weka mbali hiyo!" mama alisema. "Kliniki walitufundisha. Ukiumwa na mbwa ni maji na sabuni, kisha mbio kwa wataalamu. Usipake mafuta, usipake majivu, usipake chochote."

Kwenye kituo cha afya, muuguzi aliukagua mkono. Akauliza, "Mbwa ni wa nani?"

"Ni wetu," fundi alijibu.

"Amechanjwa?"

Fundi aliangalia chini. Alinunua misumari kila wiki, gundi kila wiki, lakini chanjo ya mbwa alisema kesho, kesho. Kesho yake haikufika.

"Hajachanjwa," alisema. "Lakini usijali, dada. Nikifika nyumbani namuua."

"Usimuue!" Muuguzi aliweka mikono kiunoni. "Nisikilize vizuri, baba. Kuna ugonjwa unaitwa kichaa cha mbwa. Dalili zake zikishaanza kwa mtu, hakuna dawa ya kumponya. Ndiyo maana mtoto anaanza sindano leo, hatusubiri. Na kila tarehe nitakayokupa, umlete. Usiruke hata moja. Umenielewa?"

"Nimeelewa."

"Mbwa naye mfunge mahali salama, mbali na watu. Mpe chakula na maji. Mwite daktari wa mifugo. Tutamwangalia siku kumi. Mbwa aliyeuma akiwa na kichaa, hamalizi siku kumi akiwa mzima. Ukimuua ukamzika, umelizika na jibu."

Fundi alirudi nyumbani na jiwe kifuani. Mtoto wake alikuwa amechomwa sindano. Uhai wa mtoto huyo sasa aliona kama umefungwa kwenye kamba moja na uhai wa mbwa. Alimfunga Msumari nyuma ya karakana. Hakumtazama machoni.

Kesho yake daktari wa mifugo alifika. Alikuwa mama wa makamo, amevaa mabuti ya mpira, sauti yake ya chini. Hakumwendea mbwa moja kwa moja. Alivuta kigoda, akakaa mbali kidogo, ubavu ubavu, akawa anazungumza na fundi kana kwamba mbwa hayupo.

"Daktari, mbwa huyu ni mnafiki," fundi alisema. "Mbwa mwingine hunguruma kwanza. Huyu ameuma kimya kimya, kama mwizi."

"Hajawahi kunguruma maisha yake yote?"

"Zamani alinguruma. Nilimkomesha."

"Ulimkomeshaje?"

Fundi aliunyooshea kidole ufito, ulioonekana ukutani kupitia mlango wa karakana. Daktari aliutazama. Kisha akamgeukia.

"Fundi, nikuulize. Barabarani kuna shimo. Watu wameweka kibao: hatari. Wewe ukakichukua kibao, ukakifanya kuni. Shimo limezibika?"

"Halijazibika."

"Na anayepita baadaye?"

"Ataanguka."

"Basi kunguruma ndicho kibao cha mbwa. Anasema: niache, naogopa. Au: niache, naumwa. Mbwa anayenguruma anakuomba usimlazimishe kuuma. Wewe ulimchapa kwa sababu ya kuomba. Hofu hukuiondoa. Maumivu hukuyaondoa. Umeondoa kibao tu."

Mkewe, aliyekuwa amesimama mlangoni, aliuliza kwa sauti ndogo, "Kwa hiyo hakutuonya kabisa?"

"Aliwaonya, dada yangu. Akikumbatiwa, hageuzi uso? Hapigi miayo hali hana usingizi? Halambi midomo hali hakuna chakula?"

Mama alijishika mdomo. "Jamani! Na sisi tulikuwa tunamcheka."

"Hata hivi anavyojikunyata," daktari aliendelea, "msidhani anajuta kosa. Anaogopa. Sasa tutafute alikuwa anaumwa nini."

Alimfunga Msumari mdomo kwa ukanda laini, taratibu, akimsemesha. Akamgusa mgongo. Akamgusa miguu. Alipokaribia sikio la kushoto, mbwa alikakamaa na macho yakamtoka. Daktari alilifunua sikio polepole. Ndani lilikuwa jekundu, lina usaha, na linanuka. Vumbi la mbao lilikuwa limegandamana humo.

"Maskini we," daktari alisema. "Hili halikuanza jana. Hapa nyumbani nani alijua kama sikio linamuuma?"

Hapo sauti nyembamba ikatoka nyuma ya mama.

"Mimi."

Alikuwa Kitinda, mkono umefungwa bandeji.

"Lilikuwa linanuka," alisema. "Nikimgusa hapo, alikuwa analia kidogo sana. Nikawa namkumbatia kumpa pole."

Fundi alichuchumaa mbele yake. "Mbona hukuniambia, mwanangu?"

Mtoto alitazama ukutani, kwenye ufito. "Ningekwambia analia, ungemchapa."

Fundi alibaki amechuchumaa vilevile. Ufito ule aliutundika kwa ajili ya kumlinda mtoto huyu. Kumbe ulikuwa umewanyamazisha wote wawili, mbwa na mtoto. Machozi yalimtoka mbele ya mkewe na mbele ya mgeni, na hakuyafuta.

"Nisamehe, mama," alimwambia binti yake. "Kuanzia leo, uniambie kila kitu. Sitachapa mtu kwa kusema."

Daktari alisafisha sikio, akaweka dawa ya matone, akamwonyesha fundi jinsi ya kuitia. Kabla ya kuondoka aliwaambia wote watatu: "Akinguruma, acha unachofanya. Rudi nyuma. Kisha tafuta sababu. Na wewe, binti, mbwa anayekula usimguse. Anayelala usimguse. Anayeumwa, mwambie baba. Ukimpenda, mwite. Akija mwenyewe, ndiyo anataka."

Siku zile zilikuwa ndefu. Kila asubuhi fundi alikwenda nyuma ya karakana kabla hajanawa uso. Amekula? Amekunywa maji? Anatembea sawasawa? Mkewe alimwona na hakumuuliza kitu, kwa sababu yeye naye alikuwa halali. Tarehe za sindano zilipofika, fundi alifunga karakana, akampeleka mtoto mwenyewe. Wateja wa milango walisubiri.

Siku ya kumi Msumari alimaliza chakula chake, akalamba sahani, akatikisa mkia. Daktari alikuja, akamkagua, akasema ni mzima. Mama Kitinda alikaa chini, palepale kwenye maranda, akasema, "Asante Mungu," na hakuweza kuinuka haraka. Sindano za mtoto ziliendelea kama muuguzi alivyopanga. Msumari naye alichanjwa siku hiyohiyo, na fundi akaiandika tarehe kwa penseli kwenye nguzo ya karakana, ili mwaka ukizunguka isiwe kesho, kesho tena.

Alasiri hiyo fundi aliutoa ufito ukutani. Alitengeneza uzio mdogo kwenye kona ya karakana, mahali pa Msumari kula na kulala bila kusumbuliwa. Mlango wa uzio ulihitaji kipande kimoja cha kupita katikati. Akaupigilia ufito hapo.

Kisha wakaanza kumfundisha upya. Daktari alikuwa amesema: neno moja, kitendo kimoja, na nyumba nzima itumie neno hilohilo. Msumari akiitwa akaja, alipewa kipande cha mkate na sifa. Akikaa alipoambiwa akae, vivyo hivyo. Akikosea, hakupata kitu, wakaanza tena. Mwanzoni fundi aliona haya, mwanamume mzima anamsifu mbwa.

"Hodari, Msumari," alisema, huku akiangalia kama kuna jirani anayesikia.

"Sema kwa furaha, baba," Kitinda alimkosoa. "Unamsifu kama unamdai."

Sikio lilipona. Pole pole Msumari aliacha kujikunyata fundi akinyanyua mkono. Akaanza kuja mwenyewe, akaweka kidevu juu ya goti la Kitinda. Lakini hakunguruma. Daktari alisema huenda ikachukua muda, huenda isirudi kabisa. Fundi alisikiliza kila siku. Alijua kuwa mbwa asiye na sauti bado ni hatari, na kwamba aliyemnyang'anya sauti ni yeye.

Siku moja mteja alikuja kuchukua meza. Alikuja na mjukuu wake, mtoto anayejifunza kutembea. Wakubwa wakawa wanapatana jinsi ya kuibeba meza. Mtoto akatambaa hadi kwenye uzio, ambako Msumari alikuwa anakula, akapenyeza mkono.

Msumari aliacha kutafuna. Akatazama ule mkono. Kisha akanguruma, sauti ya chini, imekwaruza, kama mlango uliofungwa siku nyingi.

Mkono wa fundi ulipanda wenyewe kuelekea ukutani. Ukuta ulikuwa mtupu. Mkono ukabaki hewani kidogo, halafu akaushusha.

"Nimekusikia, Msumari," alisema. "Asante."

"Fundi, vipi tena?" mteja alishangaa, akimnyanyua mjukuu wake. "Mbwa wako ameharibika! Zamani alikuwa kimya, ana adabu."

"Zamani alikuwa kimya, bwana," fundi alijibu, "na binti yangu ana kovu la kimya hicho."

Kitinda akaja, mkono wenye kovu umenyooka, akampokea yule mdogo kwa babu yake.

"Njoo huku tucheze na maranda," alimwambia. "Amesema hataki. Tumwache ale."