Kuna Mwenye Pingamizi?

Kitu cha kwanza Yunisi kukiona kilikuwa kijiko. Kijana mwenye shati la bluu, aliyeketi mwisho wa meza, alikuwa anakoroga chai ambayo hakuitia sukari. Macho yake yalikuwa kwenye kompyuta, na bakuli la sukari lilikuwa limefunikwa hapo hapo mbele yake. Alikoroga, akanywa, akakunja uso, akakoroga tena.

Yunisi alitaka kumwambia. Hakumwambia. Hakuwa mtu wa kuanza maneno. Hata shuleni kwao Mungaa, kabla hajaacha masomo ili kumlea mdogo wake, alikuwa kimya kiasi kwamba mwalimu alikuwa anamsahau darasani.

Ukumbi ulijaa kelele. Wajumbe kutoka halmashauri zote za mkoa walikuwa wamekutana Singida mjini kupanga mradi mmoja wa uwekezaji: kiwanda kikubwa cha kukamua alizeti, na soko lake pembeni, ili mkulima asiuze mbegu kwa bei ya kutupa. Kila mtu aliutaka mradi, na kila mtu aliutaka kwao. Hapo ndipo ulipokwama.

Kazi ya Yunisi ilikuwa kubeba chupa za chai za Mama Emiliana, aliyepewa kazi ya kuwalisha wajumbe. Alivaa kitenge cha njano chenye maua meusi, na kilemba ambacho upepo wa nje ulikuwa umekwisha kukivuta upande. Alipopita nyuma ya yule kijana, kijana akainuka ghafla, na kikombe chote kikamwagikia kitenge.

"Mungu wangu! Samahani dada. Nimekuunguza?"

"Sawa."

"Sawa nini tena? Nauliza kama nimekuunguza."

"Imepoa."

"Lazima ipoe, nimeikoroga tangu asubuhi." Akacheka, na meno yake yalikuwa na mwanya mzuri. "Naitwa Leonard, wa Kinyangiri. Mimi ndiye katibu wa vurugu hii yote. Na wewe?"

"Yunisi. Wa Mungaa."

"Mnyaturu! Ndiyo maana mpole. Dada zangu wa Kinyiramba wangekuwa wameshaniita majina yote."

Yunisi akacheka ndani ya kiganja. Kikao kilipoahirishwa jioni, Leonard alikuwa na namba yake ya simu.

Kuanzia hapo simu haikupumzika.

"Mrembo wangu wa chai, umekula?"

"Nimekula."

"Umenimiss?"

Kimya.

"Yunisi, ni wewe au ni upepo unapumua huko?"

"Nipo."

"Nakupenda, mama."

"Sawa."

"Sawa! Mtu namwambia nampenda, ananijibu kama nimeomba ruhusa ya kwenda kunywa maji!"

Yunisi alikata simu akiwa anatabasamu peke yake, huku maneno aliyotaka kusema hajayasema.

Wangeoana upesi kama si kile kikao. "Tukimaliza tu, nakuja kwenu kujitambulisha," Leonard alisema. Hawakumaliza. Mara wajumbe hawakutimia. Mara wale waliokuja walisema hawawezi kuamua bila wale ambao hawakuja. Walibishana siku nzima jina la halmashauri ipi litangulie kwenye kibao cha kiwanda, kiwanda ambacho hakikuwa na tofali hata moja. Asiyetaka kuja alimtuma mwakilishi, na mwakilishi alisema kila alipoulizwa, "Hilo nitalifikisha."

Mama Emiliana alichoka kabla ya wote.

"Hawa watu wamekula sambusa zangu tangu alizeti inapandwa," alifoka akisugua sufuria. "Sasa imevunwa, hawajui hata pa kuchimba msingi. Na wewe unangoja hao ndio uolewe? Utazeeka na chupa ya chai mkononi!"

"Amesema kikao kikiisha, mama."

"Kikiisha! Muulize na mvi zitaanza lini."

Mwishowe baba yake Yunisi, Mzee Mughwai, ndiye aliyepanga siku ya Leonard kujitambulisha. Jumapili, baada ya kanisa. Nyumba ya Mungaa ilisilibwa upya, shangazi Severina akaja na vigelegele vyake, na jogoo mkubwa kuliko wote akafungwa mguu.

Jumamosi simu ikalia.

"Mpenzi, usikasirike. Kesho kimeitwa kikao cha dharura. Bila katibu hakikai. Lakini nimefikiria. Nimtume Zefania, wa Kilimatinde, tunafanya naye kazi. Ana heshima, anajua kuongea na wazee. Atakuja aniwakilishe. Sawa?"

Yunisi alimwona jogoo uani, kamba mguuni, anadonoa mchanga. Alitaka kupiga kelele.

"Sawa," akasema.

Leonard akashusha pumzi. Ukumbini kwao jambo likiulizwa na asijitokeze wa kupinga, limepita. Kwake hili nalo lilikuwa limepita.

Zefania alifika na suti ya kijivu inayong'aa na viatu vya kuchongoka. Alipoinama tu na kusema "Shikamooni," vigelegele vikapasuka, hata jina hajataja.

"Jamani, mrefu!" shangazi Severina alisema. "Huyu ataezeka paa bila ngazi."

Yunisi alikuwa jikoni, amefunika uso kwa kanga. Chakula kikaandaliwa. Firigisi ya jogoo, ambayo siku kama hiyo ni ya mkwe na si ya mwingine yeyote, ikawekwa juu ya wali wa Zefania. Zefania alikuwa na njaa, na tena alikuwa mtu wa adabu: akipewa, anakula. Akaila. Kisha akasimama, akakohoa.

"Wazee wangu, mimi namwakilisha ndugu yangu Leonard, ambaye ametingwa na majukumu ya kitaifa. Anawasalimu na anaomba radhi."

Kijiko cha mtu kilianguka. Mzee Mughwai aliitazama sahani.

"Kwa hiyo firigisi ameila nani?"

"Mimi, mzee."

"Na siku ya ndoa, kanisani atasimama nani?"

Zefania akafikiri kwa uaminifu. "Hilo, mzee, sijapewa maelekezo."

Shangazi Severina akatoka nje, na haikujulikana kama analia au anacheka. Mzee Mughwai hakucheka.

"Mwambie aliyekutuma, Jumapili ijayo aje kwa miguu yake. Asipokuja, asije tena maisha yake yote." Kisha akageukia jikoni. "Yunisi! Ulijua?"

"Nilijua, baba."

"Ukamwambia nini?"

"Nilisema sawa."

Mzee akamwangalia kama mtu aliyekuwa na hasira na mmoja na sasa anazo na wawili.

Usiku ule ule Leonard alipiga simu, naye amekasirika. "Yunisi, mbona nimeaibishwa? Nilikuuliza! Kama hukutaka si ungesema? Ulisema sawa!"

Kwa mara ya kwanza Yunisi alimkatia simu akiwa bado anaongea. Kisha akaizima kabisa. Alimkasirikia Leonard, akaikasirikia halmashauri yake na zote jirani, na zaidi ya wote akaukasirikia mdomo wake mwenyewe.

Ijumaa walikutana ukumbini kwa lazima. Alimmiminia chai bila kumtazama.

"Yunisi wangu, nakuja Jumapili. Naapa," Leonard alinong'ona.

Yunisi akapita na chupa yake.

Mbele, mwenyekiti Raheli, mama mnene wa miwani ya kamba, aligonga meza. Sauti yake ilikuwa imechoka.

"Ndugu wajumbe, suala la eneo bado. Napendekeza tuendelee kesho na Jumapili, mpaka tupate jibu. Kuna mwenye pingamizi?"

Leonard akainua kichwa. Akafungua mdomo. Akawatazama wakubwa wake waliopanga mstari, akaufunga, akainamia kompyuta. Yunisi aliona yote hayo akiwa mlangoni. Alijua anachofanya. Ndivyo na yeye alivyofanya siku zote.

"Hakuna pingamizi? Basi limepi..."

"Mimi."

Vichwa vikageuka. Yunisi alikuwa amekumbatia chupa ya chai kama mtoto.

"Nani huyo? Mjumbe wa wapi?"

"Si mjumbe, mama. Shikamoo. Mimi ni wa chai."

"Marahaba. Na pingamizi lako ni lipi, mwanangu?"

Maneno yalikuwa yameshatoka mlangoni na hayarudi.

"Jumapili katibu ana safari. Anakuja kwetu Mungaa kwa baba. Ile ya kwanza alimtuma mtu, na firigisi ikaliwa. Safari hii aje mwenyewe. Mimi sikukubali atume mtu. Nilisema sawa, lakini sikukubali."

Ukumbi ukapasuka kwa kicheko. Zefania alijificha nyuma ya jirani yake. Leonard akasimama, uso umemwiva.

"Mheshimiwa mwenyekiti, Jumapili sitakuwepo. Na sitatuma mwakilishi."

"Hata mimi Jumapili nina ibada!" sauti ikasema nyuma.

"Na mimi nina msiba!"

"Kumbe!" mwenyekiti Raheli akavua miwani. "Kumbe wote mlikuwa na pingamizi! Ndiyo maana tunazunguka hapa kama ng'ombe wa kupura!"

Eneo la kiwanda halikupatikana siku hiyo. Lakini Jumapili ilibaki huru.

Leonard alifika Mungaa kwa pikipiki, shati lile la bluu limejaa vumbi jekundu mpaka kwenye kola. Wazee walimkalisha, wakamuuliza, wakamgombeza, wakarudia kumgombeza. Alijibu yote kwa mdomo wake. Ndipo Mzee Mughwai akaichukua firigisi kwa mkono wake mwenyewe, akaiweka kwenye sahani ya Leonard.

"Kula. Nikuone ukitafuna."

Jioni Yunisi akamletea chai uani. Leonard akashika kijiko, akaanza kukoroga.

Yunisi akauzuia mkono wake.

"Hujaweka sukari," alisema. "Hata siku ile ukumbini hukuweka. Nilikuona kabla hujaniona, nikanyamaza. Nimenyamaza mpaka leo."

"Ulitaka kusema nini?"

Shangazi Severina alikuwa mlangoni, masikio yamesimama. Yunisi alimwona. Hakushusha sauti.

"Nakupenda, Leonard."